Milango ya Watu Nyumbani kwa Binti Atumani

Kama ungepita avenyu yetu hapa Kasongo kabla wakimbizi hawajaanza kumiminika kutoka upande wa Kabambare, ungeitambua nyumba ya Binti Atumani bila kuonyeshwa. Haikuwa kubwa kuliko nyingine. Matofali ya kuchoma, mabati yaliyoanza kushika kutu, baraza la saruji lenye ufa katikati. Lakini kiwanja chake kilifagiliwa mpaka udongo ukang'aa, alama za ufagio zote zimelala upande mmoja, na kuku wangu, ambao hawana adabu popote pengine, walikuwa wakifika mpakani wanasita.

Mimi ni jirani yake. Wananiita Mama Nourdine. Kati ya ukuta wangu na wake pana kijia cha kupita mtu mmoja akiwa na ndoo. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine alinieleza yeye tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, barazani.

Binti Atumani hakupenda vitu. Saloni yake, chumba cha wageni, ilikuwa na viti vya mbao, meza, na mkeka uliokunjwa na kusimamishwa pembeni. Basi. Akinunua sufuria mpya, ya zamani lazima itoke siku ile ile, apewe mtu. "Kitu kisicho na kazi kinanikaba hapa," alikuwa akisema, akijigusa kooni. Binti yake Latifa, mtoto pekee aliyemjalia Mungu kukua, alipokuwa msichana alificha chupa tupu za marashi na picha za waimbaji chini ya kitanda. Mama yake alivikuta, hakumpiga. Alimkalisha sakafuni, akavipanga mbele yake, akawa anauliza kimoja kimoja: "Hii ya nini? Na hii?" mpaka mtoto mwenyewe akavichukua akavitupa. Alipobaki na chupa moja tu akasema hii naipenda, Mama. "Basi hii iko na kazi," akajibu, akamwekea dirishani.

Mumewe, Mzee Souleymane, aliuza chumvi na sabuni sokoni. Magunia yake hayakuruhusiwa kuvuka mlango. Alijijengea kibanda cha miti nyuma ya choo na kuyaweka humo. Alikuwa mtu wa mzaha. "Mimi ninaendaka soko kila siku," alituambia, "kwa sababu nikikaa hapa bila kazi huyu mwanamke atanitoa nje anipe jirani." Tulicheka, na Binti Atumani naye alicheka, ufagio mkononi.

Nilimuuliza siku moja alikotoa tabia ile. Akasema kwao, kwa baba yake Atumani, watoto, shangazi na wageni wa biashara walilala chumba kimoja na magunia ya mchele na mitungi ya mawese, na hakuwahi kuwa na pahali ambapo akiweka kitana asubuhi atakikuta jioni. "Nilijiapia, nikipata nyumba yangu, mutu atatembea ndani yake mu giza bila kujigonga."

Kuna jambo lingine alilonieleza siku ile, na bila hilo huwezi kuelewa yaliyofuata. Wakati wa vita vya zamani, Latifa akiwa bado mgongoni, yeye na mumewe waliukimbia mji kwa miguu. Alikuwa amejitwika sanduku la bati alilopewa na mama yake siku ya harusi, lenye vitenge, bakuli za kauri na msahafu wa babu yake. Walipofika Lusangi shingo ilishindwa. Mwanamke mmoja mkulima, Mbangubangu kwa kabila, Mkristo, mtu ambaye hawakujuana hata jina, alimwona akiyumba njiani akamwambia: "Acha sanduku kwangu. Beba mutoto." Jina lake lilikuwa Marie-Louise. Binti Atumani alimwachia kama mtu anayetupa kitu mtoni. Vita vilipotulia alipita Lusangi akiwa hana tumaini lolote. Marie-Louise aliingia chumbani akatoka na sanduku, kamba ile ile, na fundo lile lile alilolifunga yeye kwa mkono wake.

"Fundo, Mama Nourdine," aliniambia. "Hakulifungua hata kwa kuangalia."

*

Watu wenye silaha walipoharibu tena mambo kule ndani, vijijini, barabara ya Kabambare ilijaa. Ilikuwa kiangazi. Walikuja na mbuzi, na wagonjwa kwenye baiskeli, na watoto wenye vumbi mpaka kwenye kope. Waliopata nafasi kidogo waling'oa milango na mabati ya nyumba zao wakaja navyo, maana mlango ukiuacha nyuma unaibwa au unageuzwa kuni. Ilikuwa ajabu kuona milango ikitembea barabarani, mikubwa kuliko watu walioibeba.

Dieudonnée alifika akisukuma baiskeli iliyobeba mlango wa mbao nzito, mabati, godoro na cherehani iliyofungwa ndani ya blanketi. Alisimama nje ya kiwanja, hakuthubutu kukanyaga alama za ufagio.

"Hodi kwa Dada Binti."

"Karibu. Ni nani?"

"Mimi mutoto wa Marie-Louise wa Lusangi. Mama alishakufa. Aliniambia, siku mambo yanaharibika, nifike kwa mwenye sanduku."

Binti Atumani alishuka barazani bila viatu, akamkumbatia pamoja na vumbi lake lote. Alimpa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha pana linaloangalia bondeni kwenye michikichi, ambako upepo unapanda mchana kutwa. Vitu vyake vikapangwa ukutani vizuri, mlango umesimamishwa, cherehani imefunikwa.

Mume wa Dieudonnée, Jean-Paul, alikuwa mchimba dhahabu Salamabila, na tangu kelele zianze simu yake haikuita. Dieudonnée alikaa nasi wiki chache, anapika, anatwanga, lakini kila pikipiki ikipita macho yanaifuata. Mwisho akasema anakwenda kumtafuta.

"Na vitu, Dada?"

"Viache. Sanduku yangu ilikaa kwa nani?"

"Nitarudi mbele ya mvua."

Mvua zikaja, na Dieudonnée hakurudi.

Ila kabla ya kuondoka aliwaambia wenzake waliolala kwenye madarasa ya shule kwamba kwa Binti Atumani kitu hakipotei. Wa kwanza kuja alikuwa mzee Salomon, mfuga mbuzi, na mlango wake uliochongwa msalaba. Alisema anakwenda kwa mdogo wake mjini Kindu, hawezi kuubeba zaidi, anaomba auache kidogo tu. Baada yake mama mmoja na sufuria zake za sherehe. Kisha kijana mwenye magodoro. Kisha mabati, vinu, redio, meza, na milango mingine, milango, milango. Kila mmoja alisema kidogo tu. Binti Atumani alichana kitenge cha zamani vipande vipande akafunga kila kitu kipande chake, na alijua kichwani kipande kipi ni cha nani. Hakukataa mtu. Nilimwona mara moja akitaka kukataa: mwanamke alikuja na kabati bovu lisilo na mguu, na Binti Atumani akafungua mdomo. Yule mwanamke akasema, "Hii tu ndiyo imebaki." Binti Atumani akasogea akampisha.

Mwanzoni ilikuwa nadhifu hata hivyo. Aliupanga msongamano ule kama mtu anayepanga duka. Lakini chumba cha nyuma kilijaa mpaka dirisha likafichwa na milango, halafu vitu vikavuka vikaingia chumba chao, halafu saloni. Siku za jua alitoa magodoro ya watu nje kuyaanika, na jioni akayarudisha peke yake, mgongo umepinda. Panya wakaingia. Mchwa wakafuata. Kiwanja kikajaa mabati na huwezi kufagia chini ya mabati. Asubuhi moja niliona nyasi zimeota kando ya kizingiti chake. Nilisimama pale na ndoo yangu nikaziangalia muda mrefu, kwa sababu kwa mtu mwingine ni nyasi tu, lakini kwake yeye ilikuwa kama kumwona mtu akitembea barabarani bila nguo.

Mzee Souleymane alivumilia kadiri alivyoweza. Kuta zetu ni nyembamba, niliwasikia.

"Mama Latifa, chumvi yangu haijapita huu mlango tangu tuoane."

"Najua."

"Na leo ninalala na sufuria za watu kwenye miguu."

"Watarudi, Baba Latifa. Wakirudi nitasema nini?"

"Utasema nyumba ilijaa."

"Marie-Louise hakusema nyumba ilijaa."

Mzee Souleymane alitoka akaenda kukaa kibandani kwenye magunia yake, na kuanzia siku hizo ndiko alikokaa akirudi sokoni. Mzaha ule wa kutolewa nje na kupewa jirani hakuurudia tena.

*

Ugonjwa wa Mzee Souleymane ulianza na kifua. Kikohozi, kisha pumzi kuwa fupi, kisha miguu kuvimba. Kule hospitalini walimpa dawa na kusema alale pahali penye hewa, ameinuliwa kichwa. Saloni haikuwa na hewa. Ilikuwa na njia tu, kama zile za sokoni katikati ya vibanda.

"Nilaze kule nyuma," alimwambia mkewe. "Kwenye dirisha."

"Kesho. Nitafute vijana wa kunisaidia."

Hakumdanganya. Milango ile ilikuwa mizito, na ilikuwa msimu wa mvua. Kuitoa maana yake magodoro, kabati na vitambaa vya watu vilale nje vioze. Alitafuta pa kuviweka. Aliuliza shuleni, madarasa yamejaa watu. Aliniuliza mimi, nikachukua baadhi ya sufuria na vinu, zaidi sikuweza. Alihamisha vichache kwenda kibandani, kibanda kikavuja. Kesho ikawa kesho kutwa, na kesho kutwa ikawa Ijumaa. Kila jioni alimwinua mumewe akamlaza kifuani pake ili apumue, amekaa sakafuni mgongo wake ukiegemea mlango wa mzee Salomon.

Latifa alifika kutoka Kindu, ambako ameolewa. Pikipiki ilimshusha, akaingia ndani, akatoka tena nje akavuta pumzi, kisha akaingia na kuanza kutoa vitu. Hakusalimia. Alikokota godoro mpaka kiwanjani, akarudi, akatoa meza, akarudi, akatoa kinu. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa mtoni. Na mama yake, nyuma yake, alikuwa akiokota godoro lile lile na kulirudisha ndani.

Nilikuwa mlangoni kwangu. Niliwaona mama na mtoto wakipishana kwenye kizingiti, mmoja anatoa, mmoja anarudisha. Mwisho Latifa akapaza sauti.

"Hii nyumba ni ya Baba! Ya Baba, Mama! Hawa watu ni nani?"

"Ni watu."

"Haujui hata kama wanaishi!"

"Ndiyo maana siwezi kuvitupa."

Tukamsikia Mzee Souleymane kutoka ndani, sauti yake imekatika katika. "Latifa. Muache. Muache mama yako." Latifa akakaa juu ya cherehani ya Dieudonnée, akalia mpaka mvua ikaanza.

Mzee Souleymane alifariki siku chache baadaye, baada ya sala ya alasiri, mvua ikinyesha.

Wanaume wa msikitini walikuja na kitanda cha kuoshea maiti. Walikiingiza mlangoni kikakwama. Wakakigeuza ubavu, kikaingia kidogo, kikagonga mabati. Nje isingewezekana, maji yalikuwa yanatembea kiwanjani kama mto. Shehe Alimasi, ambaye ni mtu mwenye haya, aliangalia huku na huku, kisha akainama karibu na mjane.

"Mama Latifa, hatuna pahali."

Binti Atumani aliinua kichwa akaitazama saloni yake, ukuta mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeingizwa nyumba asiyoijua. Ni mimi niliyesema wamlete kwangu. Nilitoa meza na viti vyangu, nikatandika, na wakampitisha Mzee Souleymane kwenye kile kijia chembamba, wamemfunika kwa mkeka, maji ya mapaa mawili yakiwamwagikia. Kwa hiyo mume wa mwanamke aliyefagia miaka yote ile alioshewa kwa jirani, alivishwa sanda kwa jirani, na kwa jirani ndiko jeneza lilikotoka. Wageni wa msiba walikaa kwangu. Wengine hawakujua, walinipa mimi pole wakidhani mimi ndiye mfiwa.

Kabla usiku haujaingia Binti Atumani alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Nourdine, asante kwa pahali." Sijapata kupewa asante nzito kama ile, na hata leo sijui niiweke wapi.

Latifa alikaa mpaka arobaini kisha akaondoka. Aliniaga mimi vizuri. Kwa mama yake alinyoosha mkono tu.

*

Wengi tulidhani sasa atavitoa. Shehe Alimasi alimjia alipomaliza eda, akakaa barazani kwa sababu ndani hakukukalika.

"Dini haikulazimishi hivi, mama yangu. Amana ukiwa umeitunza, na mwenyewe haonekani, unatangaza, unangoja, kisha unaitoa sadaka kwa niaba yake. Mungu anaelewa."

"Na mwenyewe akirudi?"

"Utamueleza."

"Nimesikia, Shehe."

Hakuvitoa. Miezi ikapita, akawa anaanika magodoro yale yale. Nilimkasirikia, sisemi uongo, nikamwambia hivyo hivyo. Akaacha sombe aliyoishika akanijibu taratibu.

"Nikivitoa leo, Baba Latifa alikufa bila hewa kwa ajili ya nini?"

Sikumwuliza tena.

Wachache walirudi. Mtoto wa mzee Salomon alikuja kuchukua mlango wa baba yake, ambaye alifia Kindu. Alipitisha mkono kwenye ule msalaba, akasema hakukumbuka kama ulikuwa mdogo hivyo, akaubeba akaenda. Mama wa sufuria alirudi na ndizi na kuku wa shukrani, wakakaa pamoja mpaka jioni. Lakini mwingine alisema godoro lake halikuwa lile, lake lilikuwa nene, huyu mama amebadilisha. Alisema kwa sauti, watu wakikusanyika. Binti Atumani aliingia chumbani akatoka na godoro lake mwenyewe, lile alilolala na mumewe, akamkabidhi. Alilala kwenye mkeka tangu siku hiyo. Wengine wote hawakuonekana.

Dieudonnée alirudi mwaka jana, mwanzo wa kiangazi. Sikumtambua. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi, ameshika mfuko mdogo wa nailoni tu. Alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza, ila sasa hapakuwa na alama za ufagio za kuogopa.

Walikaa barazani. Binti Atumani aliniita nami, nadhani aliogopa kuwa peke yake. Dieudonnée alieleza kwa ufupi. Jean-Paul alifunikwa na shimo hata kabla Dieudonnée hajafika kumtafuta. Alionyeshwa kilima tu. Yeye mwenyewe alibaki kule, barabara zikafungwa, akapikia wachimbaji, akaugua, akapona, akaugua. Nyumba yao ilichomwa. Hakuwa na simu, na siku alipopata simu hakuwa na namba ya mtu.

Binti Atumani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka na kusema, kwa sauti ya mtu aliyengojea saa hiyo miaka mingi, "Njoo uone vitu yako. Viko vyote."

Tulipita kwa ubavu mpaka chumba cha nyuma. Mlango ulikuwepo, umefungwa kitambaa chake. Cherehani ilikuwepo ndani ya blanketi lake. Godoro limeanikwa wiki ile ile. Dieudonnée alivitazama na uso wake haukubadilika.

"Dada, huu mlango nitauweka kwenye nyumba gani?"

Binti Atumani alishika fundo la kile kitambaa.

"Mimi niliviacha ili nitembee mwepesi. Siku ile nilivitoa kwenye roho." Akageuka. "Na Mzee? Ameenda soko?"

Ikabidi niseme mimi. Nilimweleza yote, dirisha, kitanda kilichokwama, na kwangu alikooshewa, kwa sababu nilihisi nikificha itakuwa mbaya zaidi. Dieudonnée alikaa chini pale pale katikati ya vitu, akajifunika kichwa kwa kitenge.

"Ungevitupa, Dada. Ungevitupa vyote. Ungevichoma kama kuni!"

"Mama yako hakutupa ya kwangu."

"Sanduku moja!" alilia Dieudonnée. "Ilikuwa sanduku moja, Dada. Aliiweka chini ya kitanda na akasahau. Kuku walikuwa wanatagia juu yake. Hakuweka mji muzima kwenye nyumba yake!"

Nilidhani Binti Atumani atajibu kwa ukali. Aliegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akakaa sakafuni karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akilia kwa sauti. Sikuwa na la kufanya. Nilikwenda kwangu nikachemsha maji.

*

Kesho yake walianza kutoa. Dieudonnée ndiye aliyeamuru. Alikwenda parokiani, Shehe Alimasi akaleta vijana wa msikiti, wakatangaza pande zote mbili. Waliokuwa na haki wakaitwa wajitokeze, na hakujitokeza mtu. Vitu vikapewa familia mpya zilizokuwa zimefika kutoka ndani na kulala chini. Magodoro yaliyofaa yalikwenda kwanza, na milango ikafuata. Mmoja walipouinua ulimomonyoka mikononi mwao ukawa unga, mchwa walikuwa wameula wote, wakabaki na bawaba. Kabati lisilo na mguu lilichukuliwa na mama mwenye mapacha, na alifurahi nalo kuliko nilivyotegemea. Kabla siku ya soko iliyofuata haijafika nyumba ilikuwa tupu.

Binti Atumani alifagia. Alimwagia sakafu maji, akasugua kuta mahali ambapo milango iliacha michirizi, lakini michirizi haikutoka yote. Akafungua dirisha la nyuma, komeo limeganda kwa kutu hadi akalipiga kwa jiwe. Upepo ukaingia. Alisimama hapo kidogo, akatoka, na chumba kile hajakilalia mpaka leo.

Dieudonnée alikaa naye mpaka mvua za kwanza, kisha akaenda Lusangi kulima shamba la mama yake. Cherehani aliikataa, iko kwangu, binti yangu anajifunzia, ingawa imeshika kutu na inakata uzi.

Ni yeye Dieudonnée aliyempigia Latifa simu kabla ya kuondoka. Sijui walizungumza nini. Latifa alikuja, baada ya miaka hiyo yote ya salamu fupi za simu. Nilikuwa barazani na mama yake. Aliingia ndani, tukamsikia akipita chumba kimoja mpaka kingine, hatua zake zikilia kwenye sakafu tupu. Aliporudi mlangoni macho yalikuwa yamejaa.

"Kumbe iliwezekana."

"Iliwezekana," mama yake akasema.

Hakujitetea. Latifa alisimama akingoja ugomvi ambao haukuja, na alipoona haukuji akakaa chini.

Siku ya pili walikwenda makaburini. Nilifuatana nao, nimebeba jembe. Kaburi la Mzee Souleymane lilikuwa limefunikwa na majani, kwa sababu mjane wake hakuwa na nguvu wala uso wa kulijia mara kwa mara. Binti Atumani alipiga magoti akaanza kung'oa kwa mikono. Latifa alimtazama, kisha akapiga magoti upande wa pili.

"Mama. Baba aliniambia neno kwa simu, wiki ile kabla sijafika."

Mikono ya Binti Atumani ilisimama.

"Alisema: mama yako iko na kazi ya watu, ni kubwa, musimusumbue. Akasema amekuzoea bila vitu na atakuzoea na vitu."

"Mbona haukuniambia?"

"Nilikuwa na hasira."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa na hasira, Mama."

Binti Atumani aliketi kwenye udongo, akapangusa viganja vyake kwenye kitenge, mara mbili, mara tatu, ingawa vilikuwa vimeshatakata. Nilifikiri atamlaani. Alimwomba tu arudie yale maneno, taratibu, kama baba yake alivyoyasema. Latifa akayarudia. Akaombwa tena, akayarudia tena, sauti ikimkatika. Mimi nikachukua jembe nikaendelea kupalilia upande wa miguuni, ili nisiwe nawaangalia.

Tulirudi kwa njia ya soko. Latifa alinunua samaki wa mtoni kutoka Nyangwe waliokaushwa, mama yake akabishana na muuzaji kwamba ni wadogo, na jioni tukala kwake, sakafuni, watatu, mlango ukiwa wazi.